Sikio Linawahi, Jicho Linachelewa

Nyuma ya kadi ya ukaazi ya mwanafunzi wa kigeni nchini Japani hupigwa mhuri wa mstari mmoja. Unasema mwenye kadi anaruhusiwa kufanya kazi, kwa kanuni isiyozidi saa 28 kwa wiki, mahali popote isipokuwa kwenye biashara za starehe. Wengi hupigiwa mhuri huo uwanja wa ndege kwenyewe, Narita au Haneda, kabla hawajajua hata mlango wa kutokea ni upi. Wahenga wetu walimvumilia mgeni siku mbili, ya tatu wakampa jembe. Huko jembe hukabidhiwa siku ya kwanza, na mgeni hulipokea kwa tabasamu kwa sababu karo ya muhula ujao imeshaanza kumsumbua.

Naanza na mhuri huo kwa makusudi. Wazazi wanaoniuliza habari za kumpeleka kijana wao Japani kusoma lugha huanza na ugumu wake: zile herufi zinashikika kweli? Swali ni halali, lakini liko lililo zito zaidi, nalo ni la saa. Kijana atabakiwa na saa ngapi za kujifunza, na saa hizo zitanoa sikio au zitanoa jicho? Kwa mtu aliyekulia Kiswahili, tofauti kati ya hivyo viwili ndiyo itakayoamua kama atarudi na taaluma au na hadithi.

Tupige hesabu. Shule ya lugha inayopokea wanafunzi wenye viza hutakiwa kufundisha vipindi visivyopungua 20 kwa wiki na 760 kwa mwaka. Vipindi, si saa. Kipindi kwa kawaida ni dakika 45, kwa hiyo vipindi 20 ni saa 15 za saa ya ukutani, na mwaka mzima ni saa 570. Muda wa mwisho wa kukaa shule ya lugha ni miaka miwili. Aliyehudhuria bila kukosa hata siku moja atakuwa amekaa darasani saa 1,140 hivi. Chuo cha serikali ya Marekani kinachowaandaa wanadiplomasia hukadiria kwamba mzawa wa Kiingereza anahitaji saa 2,200 za darasani kukimudu Kijapani kikazi, na hao ni watu wazima wanaolipwa mshahara ili wasome. Sasa weka saa 15 za darasa upande mmoja wa mizani na saa 28 za kibarua upande wa pili. Serikali humwita mwanafunzi, ila wiki yake ni ya kibarua.

Herufi nazo zina hesabu yake. Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2010, ina herufi 2,136. Mtoto wa Kijapani hufundishwa 1,026 kati ya hizo kwa miaka sita ya shule ya msingi, nyingine huzifuata sekondari, na muda wote huo anaishi katikati ya lugha yake: mabango, katuni, maandishi ya kwenye boksi la maziwa. Mgeni anayetaka kuzimaliza ndani ya miaka miwili inambidi ameze karibu tatu kila siku, Jumapili na siku za homa zikiwemo. Na kuimeza kanji si kuitazama ukaizoea. Ile inayobeba maana ya uhai na kuzaliwa, 生, husomeka sei, sho, nama, i, u, ha au ki, kutegemea imekaa na nani. Mwanafunzi hajifunzi herufi moja hapo. Anajifunza ukoo mzima na ugomvi wake.

Darasani atakaa na watu ambao mzigo huo hawana. Mwezi Mei 2024 Japani ilikuwa na wanafunzi wa kigeni takriban 337,000. Wachina walipita 120,000, wakifuatwa na Wanepali zaidi ya 60,000 na Wavietnam 40,000 hivi; Waafrika ni sehemu ndogo sana ya hesabu hiyo. Mchina ameshika kanji tangu utotoni. Mwalimu akiandika ubaoni neno la uchumi au historia, yeye ameshaelewa kabla chaki haijatua, hata kama kulitamka bado ni shida. Kasi ya darasa hufuata wengi, kama daladala inavyofuata abiria, na asiyejua kanji hubaki kituoni akihangaika na herufi ya jana. Shule nzuri huwatenganisha hawa wawili kuanzia wiki ya kwanza. Nyingi hazifanyi hivyo, maana madarasa mawili ni walimu wawili na mishahara miwili.

Lakini nasi hatukwenda mikono mitupu.

Kijapani kina vokali tano, na ni zetu zile zile. Silabi zake huishia na vokali, na ile n inayosimama peke yake kama silabi tunayo katika nchi na nne. Urefu wa vokali, unaomfanya mzungumzaji wa Kiingereza amwite mama wa makamo bibi kizee kwa kuchanganya obasan na obaasan, si jambo geni kwa mtu anayejua kwamba kukata si kukataa. Kisha kuna vihesabio: vitu virefu na vyembamba huhesabiwa kwa hon, vitu bapa kwa mai, wanyama wadogo kwa hiki. Wanafunzi kutoka Ulaya hulalamika kwamba huo ni usumbufu usio na sababu. Aliyekua akisema watu wawili, viti viwili, miti miwili na ndizi mbili hashangai nomino ikidai haki yake mbele ya namba. Kitenzi pia. Tabesaserarenakatta linaonekana kama treni ya mizigo, lakini ndani yake mna kukanusha, wakati uliopita, kusababishwa na kutendwa, vyote vimefungwa kwenye kitenzi kimoja, jinsi ilivyo kwenye hakulishwa. Na aliyelelewa akiamkia kwa shikamoo haelezwi mara mbili kwa nini kauli ibadilike kufuata umri na cheo cha anayeambiwa. Anachokosa ni maneno yenyewe tu.

Ndiyo maana mtu wetu huzungumza mapema, na huzungumza vizuri. Miezi sita haijaisha, wenyeji wanamsifu. Sifa hizo zichukuliwe kwa tahadhari, kwa sababu Mjapani mwenye adabu humsifu hata mgeni aliyeweza kusema asante.

Ushahidi ulio wazi zaidi wa uwezo huo hautoki shule za lugha. Unatoka barabarani, tarehe 2 na 3 Januari, wakati wa Hakone Ekiden, mbio za kupokezana za vyuo vikuu zilizoanza mwaka 1920. Ni kilomita 217.1 kutoka Tokyo hadi milima ya Hakone na kurudi, vipande kumi, na badala ya kijiti wakimbiaji hupokezana mshipi. Nchi nzima hukaa mbele ya televisheni. Mwaka 1989 Joseph Otwori na Kennedy Isena, Wakenya waliosoma Chuo Kikuu cha Yamanashi Gakuin, walikuwa wanafunzi wa kigeni wa kwanza kuzikimbia mbio hizo, na mwaka 1992 chuo chao kikatwaa ubingwa kwa mara ya kwanza. Stephen Mayaka alipita chuo hicho hicho, akabaki Japani, akawa kocha wa timu ya Chuo Kikuu cha J. F. Oberlin jijini Tokyo. Samuel Wanjiru aliondoka Nyahururu, Kenya, mwaka 2002 akiwa na miaka 15, akaingia shule ya sekondari ya Sendai Ikuei. Mwaka 2008 alishinda marathoni ya Olimpiki Beijing kwa saa 2:06:32, dhahabu ya kwanza ya Kenya katika mbio hizo, na waandishi wa Kijapani walimhoji bila mkalimani.

Watu huwataja wanariadha hawa kwa miguu yao. Mimi huwatazama kama wanafunzi wa lugha waliofaulu bila shule ya lugha. Siri yao, kama ni siri, ni bweni. Mkimbiaji wa chuo huamka pamoja na wenzake gizani, hufagia pamoja nao, huoga na kula nao, hukaripiwa pamoja nao, na kila siku kuna mkubwa wa kumsikiliza na mdogo wa kumwelekeza. Saa zake za Kijapani haziko kwenye ratiba ya masomo na hakuna anayezihesabu. Njia hiyo lakini ni nyembamba, na inazidi kubanwa: Hakone kila timu inaruhusiwa kumkimbiza mgeni mmoja tu, na tangu 2024 mashindano ya taifa ya sekondari yanawaruhusu wageni kukimbia vipande vifupi zaidi pekee, vya kilomita 3. Kijana wa kawaida asiye na mapafu ya Nyahururu atapita mlango mwingine.

Na mlango huo unalindwa na mitihani ya jicho. Mtihani mkuu wa Kijapani kwa wageni ulianza mwaka 1984, na tangu 2010 una ngazi tano, kutoka N5 ya chini hadi N1 ya juu. Hupima msamiati, sarufi, kusoma na kusikiliza. Kuzungumza haupimi kabisa. Kwa hiyo kile ambacho mtu wetu anakifanya vizuri kuliko Mchina aliyekaa jirani yake hakina alama, na kile kinachomtesa kinachukua sehemu kubwa ya karatasi. Mtihani wa kuwaingiza wageni vyuo vikuu, unaofanyika Juni na Novemba, una sehemu ya insha, na bado hakuna anayeuliza mtahiniwa anavyozungumza. Nimeona vijana wanaoweza kubishana na mwenye nyumba, wakamtuliza jirani aliyekasirika na kutaniana na muuza samaki, lakini karatasi ya N2 ikawagonga mwamba. Nimeona pia wenye N1 ambao hawawezi kuagiza chakula kwa simu. Vyuo hupokea hawa wa pili.

Kibarua huingia hapa. Kanuni ya saa 28 inajumlisha kazi zote; anayefanya kazi sehemu mbili hapati saa 56. Likizo ndefu za shule huruhusu hadi saa 8 kwa siku. Anayevuka mipaka hiyo mara nyingi hafumaniwi kazini. Hufumaniwa mezani, miaka miwili baadaye, anapoomba kubadilisha viza na ofisa wa Uhamiaji akadai hati ya kodi inayoonyesha alichopokea. Mahudhurio ya darasani yakishuka chini ya asilimia 80, kuongezewa muda nako kunakuwa kugumu.

Zamu zenye malipo mazuri ni za usiku, kwa kuwa sheria ya kazi inadai nyongeza ya asilimia 25 kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Mwanafunzi mgeni asiyejua lugha hupelekwa kwenye viwanda vya vyakula vya pakiti au maghala ya kupanga vifurushi, ambako anasimama kwenye mkanda akiweka kipande cha tamagoyaki, yai lililokaangwa na kukunjwa, kwenye kona ya boksi, boksi baada ya boksi. Hapo haongei. Akiongea, anaongea na Mnepali mwenzake kwa Kiingereza cha kubahatisha. Saa tatu asubuhi yuko darasani, macho mekundu, na mwalimu anafundisha kanji. Duka la kona au mgahawa ulio mbele ya kituo cha treni ni hadithi nyingine: hapo mteja anauliza, msimamizi anaelekeza, na maneno ya heshima ambayo kitabu huyaweka somo la 49 yanamlazimu kuanzia zamu ya kwanza. Malipo ni yale yale au pungufu kidogo. Lakini saa 28 za mgahawani ni saa za lugha, na saa 28 za kiwandani ni saa zilizokufa. Ningekuwa na mdogo wangu huko ningemwambia achukue pesa pungufu.

Pesa zenyewe zinatosha? Kima cha chini cha mshahara Tokyo tangu Oktoba 2025 ni yen 1,226 kwa saa. Saa 28 kwa wiki nne ni yen 137,000 na ushee kabla ya makato. Karo ya shule ya lugha huzunguka yen 700,000 hadi 900,000 kwa mwaka. Gawanya kwa miezi 12, toa, kisha toa kodi ya chumba, chakula, bima ya afya na nauli. Kinachobaki kinatosha kula kwa uangalifu. Hakitoshi kulipa deni. Hesabu nzima imejengwa juu ya mwanafunzi asiyedaiwa na mtu.

Wengi wanadaiwa. Katika muongo uliopita vijana wa Vietnam na Nepal walimiminika kwenye shule za lugha wakiwa wamelipa mawakala fedha ambazo familia zilikopa kwa kuweka rehani shamba, na tangazo liliwaahidi kwamba kibarua kitarudisha kila kitu. Si mtego mpya. Mwaka 1988 mjini Shanghai maelfu ya vijana waliokwisha kulipia shule za lugha za Japani walikusanyika mbele ya ubalozi mdogo wakidai viza, na mwaka uliofuata Japani ikaunda chombo cha kwanza cha kukagua shule hizo. Miaka 35 ilipita kabla sheria yenye meno haijaanza: tangu Aprili 2024 shule za lugha zinaidhinishwa na Wizara ya Elimu, walimu wanapaswa kuwa na usajili wa kitaifa, na shule za zamani zimepewa miaka mitano kujirekebisha. Anayechagua shule leo aulize swali hilo kwanza: mmeidhinishwa, au mnasubiri?

Kwa nini serikali iliyojua haya iliyaacha yaendelee? Jibu langu ni kwamba yaliisaidia. Waziri Mkuu Nakasone alitangaza mwaka 1983 lengo la wanafunzi wa kigeni 100,000, likafikiwa 2003. Fukuda akataka 300,000 mwaka 2008, wakapatikana 2019. Mwaka 2023 serikali ya Kishida ikaweka 400,000 ifikapo 2033. Katika miaka hiyo hiyo nchi ilikuwa inazeeka, na hadi 2019, ilipoanzishwa viza ya wafanyakazi wenye ujuzi maalumu, haikuwa na njia ya wazi ya kumwajiri mgeni katika kazi nyingi za mikono. Shule ya lugha ikawa mlango wa uani. Silaumu wanafunzi walioupita. Nalaumu tangazo lililoupaka rangi ukafanana na lango kuu.

Lango kuu lipo, na Waafrika Mashariki wengi waliosoma Japani wamepita hapo. Ufadhili wa Wizara ya Elimu ya Japani umekuwepo tangu 1954. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza hupewa mwaka mzima wa maandalizi ya lugha kabla ya kuingia chuo, karo halipi, na kila mwezi hupokea yen 117,000. Tazama kiasi hicho ukikilinganisha na mshahara wa kibarua hapo juu: kimepungua kidogo, lakini kimemrudishia saa 28 za kila wiki. Tofauti yote iko hapo. Maandalizi hayo hufanyika katika Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Tokyo au Chuo Kikuu cha Osaka, na kwa bahati nzuri chuo hicho cha Osaka ndicho kinachofundisha Kiswahili kama somo la shahada, kwa hiyo kijana wa Morogoro anayelia na kanji anaweza kukutana na Mjapani anayelia na ngeli, wakaliwazana.

Mpango wa ABE, ufadhili wa Japani kwa vijana wa Afrika uliotangazwa Yokohama mwaka 2013 kwenye TICAD, mkutano wa Japani na Afrika kuhusu maendeleo, ni mzuri kwa namna yake, ila usichanganywe na kusoma Kijapani. Shahada ya uzamili inafundishwa kwa Kiingereza, baadaye kuna mafunzo kazini katika kampuni, na mikutano ya kampuni nyingi inaendeshwa kwa Kijapani. Mhandisi aliyehitimu vizuri anakaa pembeni akitabasamu.

Kwa asiyepata ufadhili, na hao ndio wengi, mahali ni uamuzi mkubwa kuliko jina la shule. Takadanobaba na Shin-Okubo, mitaa ya Tokyo iliyojaa shule za lugha, ni mahali pa raha kwa mgeni: kuna maduka ya viungo vya Nepal, migahawa ya Korea, huduma za kutuma pesa, na unaweza kumaliza wiki bila kumhitaji Mjapani. Huo ndio ubaya wake. Mji mdogo wa Higashikawa huko Hokkaido, wenye wakazi elfu nane na kitu, ulifungua Oktoba 2015 shule ya lugha inayomilikiwa na serikali ya mji, ya kwanza ya aina hiyo nchini. Kuna theluji ya kutisha na hakuna kwa kujificha. Muuza duka, dereva wa basi na jirani wote wanazungumza nawe kwa sababu mnajuana. Ni bweni la wanariadha lililotanuliwa likawa mji. Kwa anayetaka chuo kikuu moja kwa moja, Ritsumeikan Asia Pacific huko Beppu, kilichofunguliwa mwaka 2000, kina wageni karibu nusu ya wanafunzi wake. Unaingia kwa Kiingereza huku unasomeshwa Kijapani, katika mji wa chemchemi za maji moto ambako gharama ya maisha haifanani na ya Tokyo.

Mahali na kibarua vitashughulikia sikio. Jicho lishughulikiwe kabla ya kupanda ndege, na hapa ndipo ushauri wangu unapotofautiana na wa mawakala. Wao husema utajifunza ukifika. Uhamiaji wenyewe, kabla ya kumpa mtu cheti cha kumruhusu kuomba viza, hutaka ushahidi wa masomo ya saa 150 au N5, na watu hukichukulia kiwango hicho kama lengo wakati ni kizingiti. Mimi nasema usiende chini ya N4, na ikiwezekana nenda na kanji 500 kichwani hata kama huwezi kutunga sentensi ndefu. Mazungumzo utayapata bure huko, na kwa mdomo wako wa Kiswahili utayapata haraka. Kanji hutazipata bure popote, na hapa nyumbani ndipo una muda usiokatwa na zamu ya usiku.

Vifaa vipo. Idhaa ya Kiswahili ya NHK, shirika la utangazaji la Japani, ina masomo ya Kijapani yanayoelezwa kwa Kiswahili, bila malipo. Wakfu wa Japani umeweka vitabu vya Irodori mtandaoni vipakuliwe bure. Kitabu cha Minna no Nihongo, ambacho shule nyingi huanza nacho, kina masomo 50 katika juzuu mbili za mwanzo, na anayeyamaliza akiwa nyumbani hataanza darasa la chini kabisa na kulipa karo ya miezi sita kuambiwa Bwana Miller ni mfanyakazi wa kampuni. (Bwana Miller amekuwa mfanyakazi wa kampuni hiyo tangu 1998; sina hakika kama alipandishwa cheo.) Mtihani wa N hufanyika Nairobi kila Desemba. Masomo ya mtandaoni kutoka Japani nayo yanafaa, ila angalia saa. Wakati wa korona, mipaka ya Japani ilipofungwa kwa wanafunzi wapya karibu muda wote hadi Machi 2022, waliosajiliwa kutoka huku walisomea vitandani mwao: darasa la saa tatu asubuhi Tokyo ni saa tisa usiku Dar es Salaam. Darasa la huko la saa saba mchana ni saa moja asubuhi hapa, na hilo linawezekana kabla ya kwenda kazini.

Wanaonipinga husema natisha watu, kwamba wapo waliokwenda na hiragana tu, zile herufi za sauti za mwanzo, wakafika mbali. Wapo. Ukiwachunguza utakuta nyuma yao mjomba aliyelipa karo ya mwaka wa kwanza, au ndoa, au mbio.

Jambo la mwisho ni ajira, ambayo kwa wengi ndiyo sababu ya safari yote. Kampuni za Japani huajiri wahitimu kwa kalenda: wanafunzi hupewa taarifa rasmi kuanzia Machi 1, mwishoni mwa mwaka wa tatu wa chuo, na usaili rasmi huanza Juni 1, karibu miezi kumi kabla ya kuhitimu. Mgeni anayesubiri cheti kwanza, kama tufanyavyo kwetu, anakuta gari limeshaondoka. Anaweza kubadilisha viza ili aendelee kutafuta kazi kwa miezi sita, na kuiongeza mara moja. Tangu 2019 mwenye shahada ya chuo cha Japani na N1 anaruhusiwa pia kufanya kazi za huduma kwa wateja zilizokuwa zimefungwa kwa wageni, kwa hiyo karatasi ile ile inarudi kudaiwa. Na kampuni kubwa huanza mchujo kwa mtihani wa kompyuta wa kupima akili na lugha, maswali ya hesabu na ya kusoma yakiwa yameandikwa kwa Kijapani kamili, kila swali na sekunde zake. Mjapani mwenyewe hununua vitabu vya kujiandaa nao. Usaili wa ana kwa ana, ambako mhitimu wetu angeketi sawasawa, akajishusha kwa maneno ya heshima na kuwachekesha mabosi kwa Kijapani chake kisicho na lafudhi, huja baada ya mtihani huo.